Nguzo ya Mraba yenye Ringi na Nguzo ya Duara yenye Spirali: Jinsi ya Kuchagua

Mara nyingi umbo la nguzo za zege lenye nondo huwa limeshaamuliwa kabla mhandisi wa miundo hajafungua kikokotoo chake. Msanifu majengo amekwisha kuchora mraba kwa sababu kuta zitaufunika, au amechora duara kwa sababu ukumbi wa mbele unahitaji kupendeza, na kinachobaki kwa mhandisi huonekana kuwa ni kuhesabu idadi ya nondo tu. Huo ni utaratibu mbaya. Nguzo hizi mbili, hata zikiwa na eneo moja la zege na kiasi kimoja cha nondo za wima, hazifanani tabia, na tofauti kubwa kati yake haionekani katika mzigo wa kila siku. Huonekana pale zege la nje linapomeguka na nguzo ikatakiwa iendelee kubeba. Kwa hiyo anayechagua ajiulize kwanza kama jengo lake linaweza kufikishwa hapo, ndipo aulize mengine.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue nguzo mbili na tuzifuate hadi mwisho. Ya kwanza ni ya mraba wa mm 400, yaani mm² 160,000 za zege, iliyofungwa kwa ringi za mm 10, yaani vitanzi vya chuma vinavyozizunguka nondo za wima. Ya pili ni ya duara yenye kipenyo cha mm 450, yaani mm² 159,000, iliyozungushiwa nondo moja ndefu ya mm 10 inayopanda kama uzi wa skrubu, ambayo hapa tutaiita spirali. Kila moja ina nondo nane za wima za mm 20, ambazo ni kama 1.6% ya eneo la zege, na kava ya mm 40 kutoka uso wa zege hadi kwenye ringi au spirali. Zege lina nguvu ya megapaskali 30 na nondo zote ni za megapaskali 420.

Mzigo wa wima

Kwa nadharia tupu, nguzo hizi zinalingana. Ukizidisha 0.85 ya nguvu ya zege kwa eneo lake halisi, kisha ukajumlisha mchango wa nondo, utapata takriban kN 5,070 kwa mraba na kN 5,050 kwa duara. Tofauti inaanza pale kanuni zinapotia mkono wake.

ACI 318, kanuni ya Marekani inayotumika katika nchi nyingi, inapunguza uwezo wa nguzo ya ringi kwa kigezo cha 0.65 na kuuzidisha tena kwa 0.80 ili kufidia mzigo usiokaa katikati kabisa. Nguzo ya spirali inapunguzwa kwa 0.75 na 0.85 tu. Kwa hesabu hiyo, mraba wetu unaruhusiwa kubeba kN 2,640 na duara letu kN 3,220, yaani nyongeza ya zaidi ya 20% kwa zege lile lile na nondo za wima zile zile. Nyongeza hiyo haitoki kwenye umbo la duara. Ni tuzo ya namna nguzo inavyoshindwa: kanuni inamkubalia mhandisi aukaribie zaidi ukomo wa nguzo ambayo hutoa onyo kabla ya kuanguka, na inamzuia mapema kwa nguzo inayoweza kuachia ghafla.

Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya miundo ya zege, haitoi tuzo ya namna hiyo. Vigezo vya usalama vya zege na vya chuma ni vile vile, nguzo iwe imefungwa kwa ringi au kwa spirali, na anayetaka kunufaika na spirali lazima akokotoe mwenyewe ongezeko la nguvu ya zege lililobanwa kwa kutumia kifungu kinachohusu zege hilo. Mhandisi anayesanifu kwa Eurocode 2 bila kuingia katika kifungu hicho atakuta spirali ni gharama isiyomletea chochote katika karatasi zake za mahesabu. Ndiyo maana ushauri unaosomwa katika kitabu cha upande mmoja hauwezi kubebwa ulivyo na kutumiwa upande wa pili.

Kava inapomeguka

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Zege linapogandamizwa kwa wima hutaka kutanuka kwa pembeni. Spirali huzuia utanukaji huo kwa kuvutwa pande zote kwa usawa, kama mikanda ya chuma inavyolizuia pipa lisifumuke. Majaribio ya Richart, Brandtzaeg na Brown katika Chuo Kikuu cha Illinois, yaliyochapishwa mwaka 1928, yalionyesha kwamba kila megapaskali moja ya mbano wa pembeni huongeza takriban megapaskali 4.1 kwenye nguvu ya zege ya wima. Uwiano huo ndio uliozaa kanuni ya spirali tunayoitumia hadi leo.

ACI 318 inataka ujazo wa spirali, ukilinganishwa na ujazo wa kiini cha zege kilichomo ndani yake, usiwe chini ya 0.45 ikizidishwa kwa (Ag/Ach − 1) na kwa uwiano wa nguvu ya zege kwa nguvu ya chuma cha spirali. Ag ni eneo lote la nguzo na Ach ni eneo la kiini hadi ukingo wa nje wa spirali. Kiini cha duara letu kina kipenyo cha mm 370, kwa hiyo Ag/Ach ni 1.48 na kiwango kinachohitajika ni 0.0154. Kwa nondo ya mm 10, kila mzunguko unatakiwa uwe umbali wa mm 53 kutoka ule uliotangulia. Tutaweka mm 50. Nafasi tupu kati ya mizunguko inabaki mm 40, ndani ya mipaka ya kanuni ya mm 25 hadi mm 75, na kokoto za mm 20 zinapita.

Tazama sasa maana ya namba hizo. Kabla ya kava kumeguka, zege lote la nguzo linabeba takriban kN 4,050, bila kuhesabu nondo za wima. Kava ikidondoka, kinachobaki ni kiini chenye kipenyo cha mm 360 hivi, ambacho ni chini ya theluthi mbili ya eneo la awali. Lakini spirali inapofikia mvuto wake wa juu inakibana kiini hicho kwa megapaskali 3.7 hivi, na nguvu ya zege lake inapanda kutoka megapaskali 25.5 hadi zaidi ya 40. Ukizidisha, unapata takriban kN 4,100. Kilichopotea nje kimelipwa ndani, karibu kilo kwa kilo. Kanuni ya 0.45 iliandikwa kwa shabaha hiyo hasa, na mhandisi anayeielewa hivyo hataichukulia kama namba ya kutimiza tu.

Ringi za mraba wetu hazina uwezo huo. ACI 318 inaruhusu umbali kati ya ringi ufike ule ulio mdogo kati ya kipenyo cha nondo ya wima mara 16, kipenyo cha ringi mara 48, na upande mfupi wa nguzo. Kwetu sisi hiyo ni mm 320, kwa hiyo mchoraji ataandika mm 300. Eurocode 2 inakwenda njia inayofanana: kipenyo cha nondo ya wima mara 20, upande mfupi au mm 400, kisha umbali huo unapunguzwa hadi 0.6 yake karibu na boriti na slabu, na pia kwenye maungio ya nondo nene kuliko mm 14. Ringi zilizoachana kwa mm 300 ndani ya kiini cha mm 320 hazibani zege kwa kiasi cha kutajika. Kazi yake ni kushika nondo za wima zisijipinde kuelekea nje na kusaidia kubeba shia, yaani nguvu inayotaka kuikata nguzo kwa pembeni. Isitoshe, upande ulionyooka wa ringi hupinda nje unaposukumwa na zege, kwa hiyo mbano wa kweli hupatikana kwenye pembe tu na pale penye kiungo cha kukatiza, yaani kipande cha chuma kinachovuka kiini kutoka upande hadi upande. Modeli ya Mander, Priestley na Park ya mwaka 1988 inaeleza jambo hilo kwa kigezo cha ufanisi wa mbano, ambacho kwa nguzo za kawaida huwa karibu 0.95 kwa duara na karibu 0.75 kwa mraba hata ringi zikiwa zimesongamana.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hili haukutoka maabara. Tetemeko la San Fernando, California, la tarehe 9 Februari 1971, liliipiga hospitali ya Olive View ambayo ilikuwa mpya. Baadhi ya nguzo zake za chini zilikuwa na spirali na nyingine zilikuwa na ringi zilizoachana. Za spirali zilipoteza kava, zikainama pamoja na ghorofa nzima iliyohama pembeni, lakini viini vyake vilibaki vizima na viliendelea kushikilia jengo. Za ringi zilisagika. Picha za nguzo hizo zinafaa kutazamwa na kila anayejifunza usanifu wa nguzo, kwa kuwa mzigo ulikuwa wa jengo moja na tetemeko lilikuwa moja.

Hata hivyo mtu asije akadhani kuwa duara ndilo lililookoa. Katika tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, zaidi ya mita 600 za barabara ya juu ya Hanshin zililala ubavu, na nguzo zake zilikuwa za duara, nene kuliko mita tatu. Zilikuwa na chuma kidogo mno cha kuzunguka, na sehemu ya nondo zake za wima ilikatizwa njiani kabla ya kufika mahali salama. Umbo lilikuwa zuri na kilichomo ndani hakikutosha.

Chuma kinachohitajika, na pale hesabu inapogeuka

Watu wengi husema spirali ni ghali, na kwa jengo lisilo na hatari ya tetemeko wanasema kweli. Mzunguko mmoja wa spirali yetu una urefu wa mm 1,130, na katika kila mita ya nguzo iko mizunguko 20, kwa hiyo tunatumia karibu mita 22.6 za nondo ya mm 10, au kilo 14. Ringi za mraba, pamoja na kulabu zake, hazifiki mita 5 wala kilo 3 kwa kila mita ya nguzo. Nondo za katikati ya kila upande hazihitaji hata kiungo cha kukatiza, kwa kuwa ziko chini ya mm 150 kutoka kwenye nondo ya pembe iliyoshikwa na kona ya ringi. Mara tano kwa moja ni tofauti ambayo hakuna mkandarasi atakayeinyamazia.

Sasa hamisha jengo hilo hilo mahali penye tetemeko kali, ambapo nguzo ni sehemu ya fremu inayotakiwa kuyumba bila kuanguka. Masharti ya ACI 318 kwa ncha za nguzo za aina hiyo yanataka, kwa ringi za mraba zenye mzigo wa wastani, chuma cha kila mwelekeo kisipungue 0.3 ikizidishwa kwa (Ag/Ach − 1) na kwa uwiano wa nguvu ya zege kwa chuma, wala kisipungue 0.09 ikizidishwa kwa uwiano huo. Kwa mraba wetu, ambao kiini chake ni mm 320, hiyo inatupa 0.012 kwa kila mwelekeo. Miwili pamoja ni 0.024. Spirali inaendelea kuhitaji 0.0154 ile ile.

Kwa vitendo maana yake ni kwamba mraba utahitaji ringi za mm 12 kila mm 80, zikiwa na viungo vya kukatiza pande zote mbili na kulabu za nyuzi 135 zinazoingia ndani ya kiini, na uzito wake utakuwa karibu kilo 27 kwa mita katika ncha hizo. Spirali inabaki kilo 14. Iliyokuwa ghali mara tano imekuwa nafuu kwa karibu nusu, na kilichobadilika ni matarajio tu. Ukiweka mraba unaotakiwa ushindane na spirali kwa unyumbufu, unalazimika kulipia kwa chuma kila kona ambayo duara linapata bure. Nguzo ndogo ya mraba yenye ringi nzito namna hiyo pia ni taabu kwa fundi wa nondo na kwa anayemwaga zege, jambo ambalo gharama ya kilo peke yake haielezi.

Yapo mambo mawili ya kuongeza hapo. Ringi nzito zinahitajika kwenye ncha za nguzo tu, kwa urefu usiopungua upana wake mkubwa, moja ya sita ya urefu wake ulio wazi, au mm 450, na katikati umbali unaweza kulegezwa. Spirali kwa kawaida hupanda yote kwa mwendo mmoja, kwa hiyo katika nguzo ndefu pengo la gharama hupungua. La pili ni kulabu. Ringi yenye kulabu za nyuzi 90 hushikwa na kava, na kava ikidondoka kulabu hufunguka wakati ule ule inapohitajika. Ukiona mchoro wa eneo la matetemeko unaoruhusu nyuzi 90 kwenye ringi za nje, urudishe.

Momenti: mraba unaposhinda, na unaposhindwa kwenye mshazari

Nguzo chache sana hubeba mzigo wa wima mtupu. Pale boriti zinapoleta momenti, yaani nguvu ya kupinda, katika mwelekeo mmoja unaojulikana, mraba una faida ya wazi: nondo tatu zinakaa kwenye uso wa mbali kabisa na kufanya kazi kwa mkono mrefu, ilhali nondo za duara zimetawanyika kwenye mzingo na chache tu ndizo zinazofika mbali. Momenti ya inersia ya duara letu, yaani ukinzani wa umbo lake dhidi ya kupinda, pia ni pungufu kwa karibu 6% kuliko ya mraba, na hiyo ni baada ya kulipa duara upana zaidi. Mtu akibadilisha mraba wa mm 400 kwa duara la mm 400 kwa kudhani ni mamoja, amepoteza 21% ya eneo na 41% ya inersia. Kosa hilo hutokea pale mchoro wa usanifu majengo unapobadilishwa baada ya mahesabu kukamilika, na mtu akaona upana umebaki ule ule.

Mstatili unapeleka faida hiyo mbele zaidi. Nguzo ya mm 300 kwa mm 530 ina eneo lile lile, lakini inersia yake katika mhimili wenye nguvu ni mara 1.7 ya mraba. Gharama yake iko upande wa pili, ambako inersia inashuka hadi 56% ya mraba na wembamba, yaani urefu wa nguzo ukilinganishwa na unene wake, unapanda. Mstatili unafaa kwa fremu ambayo mhandisi anajua kwa hakika mizigo ya pembeni inatoka wapi, na ambayo mwelekeo wake dhaifu umeshikwa na kuta za zege.

Tatizo la mraba ni momenti zinapokuja kwa mihimili miwili kwa pamoja, kama inavyokuwa kwenye nguzo za pembe za jengo. Duara halijui mwelekeo. Eurocode 2 inakubali kuangalia nguzo hizo kwa kujumlisha uwiano wa momenti kwa uwezo katika kila mhimili, kila uwiano ukipandishwa kwa kipeo fulani, na jumla isizidi 1. Kwa duara kipeo ni 2. Kwa mraba na mstatili kinategemea mzigo wa wima: ni 1.0 mzigo ukiwa sehemu ya kumi ya uwezo, 1.5 ukiwa sehemu saba za kumi, na 2.0 ukifika ukomo. Tuseme momenti katika kila mhimili ni 60% ya uwezo wa mhimili huo. Duara linapata 0.36 mara mbili, yaani 0.72, na linapita kwa raha. Mraba wenye mzigo mkubwa wa sehemu saba za kumi unapata 0.93 na unapita kwa shida. Mraba wenye mzigo mdogo, kama nguzo ya pembe ya ghorofa ya juu kabisa, unapata 1.2 na umeshindwa. Nguzo ya pembe ya juu huonekana haina kazi kwa sababu mzigo wake wa wima ni mdogo, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini.

Kuhusu wembamba, nitapita haraka, kwa kuwa umbo linachangia kidogo. Kwa urefu wa mahesabu wa mita 3, mraba wetu una wembamba wa 26 na duara 27. Kinachoamua ni momenti za ncha. Katika Eurocode 2, nguzo iliyozuiwa kuyumba na yenye mzigo wa 0.7 ya uwezo wa zege lake ina ukomo wa wembamba wa takriban 13 endapo tutachukua thamani za jumla za kiwango hicho, na ukomo wa karibu 50 endapo momenti za ncha mbili zinalingana na kuipinda nguzo kwa umbo la S. Nguzo zote mbili ziko katikati ya namba hizo. Kabla ya kubishana juu ya mraba na duara, mhandisi ajue kwanza nguzo yake inapindaje.

Moto nao unalipendelea duara kwa kiasi fulani. Pembe ya mraba hupashwa joto kutoka pande mbili, na ndipo nondo muhimu zaidi zilipo. Kwa slabu zinazokaa juu ya nguzo bila boriti, mzingo wa kuhakiki kutobolewa kwa slabu ni mfupi kidogo kwenye duara. Kwa slabu yenye kina cha mm 200 cha mahesabu, Eurocode 2 inatoa mm 4,110 kwa mraba na mm 3,930 kwa duara. ACI 318 inaruhusu duara lihesabiwe kama mraba wenye eneo sawa, na hapo tofauti inakufa.

Kazini

Fomu ya mraba hutengenezwa kwa mbao au mabati yaliyonyooka, na fundi yeyote wa fomu anaijua. Duara linahitaji mirija ya karatasi ngumu inayochanwa baada ya zege kukauka, au fomu za chuma za nusu mbili zinazofungwa kwa boliti. Mirija hutumika mara moja; za chuma zinalipa pale nguzo za kipenyo kimoja zinapokuwa nyingi. Kwa jengo lenye nguzo sita za duara zenye vipenyo vitatu tofauti, fomu zitakula fedha nyingi kuliko spirali yenyewe, na hapo msanifu majengo anafaa kuombwa akubali kipenyo kimoja.

Spirali kwa upande wake inapunguza kazi ya mikono. Hakuna ringi za kupinda moja moja wala kulabu za kufunga. Koili inavutwa, inapangwa kwa umbali wake, inafungwa kwa waya. Mahali pa kukagua ni pachache lakini hapasameheki: kila mwisho wa spirali lazima uwe na mzunguko mmoja na nusu wa ziada ili ijishike, na pale koili moja inapoishia na nyingine kuanza, nondo zenye mbavu zisizopakwa kitu zilazwe kwa kipenyo mara 48, ambayo kwa mm 10 ni mm 480. Mizunguko iliyoachana zaidi katikati kwa sababu koili ilivutwa vibaya ni kasoro ya kawaida, na haionekani tena baada ya fomu kufungwa. Mkaguzi apime kwa futi kutoka chini hadi juu.

Msongamano wa mizunguko hiyo unaleta shida yake wakati wa kumwaga. Zege lazima lipite kwenye nafasi za mm 40 ili kufika kwenye kava, na likiwa gumu mno litaacha matundu nje ya spirali huku katikati kukiwa kumejaa vizuri. Vaibreta ishushwe katikati na zege liwe laini vya kutosha. Kwenye makutano na boriti hali ni kinyume na mahesabu yote niliyoyasifu: nondo za boriti hufika kwenye mraba zikiwa sambamba na nyuso zake na hupita kati ya nondo za nguzo kwa mpangilio, lakini kwenye duara baadhi yake hukutana uso kwa uso na nondo za wima. Mpangilio wa nondo nane za duara ukizungushwa kidogo kwenye mchoro, nafasi hupatikana. Kazi hiyo ifanywe mezani, si juu ya jukwaa.

Chaguo langu

Kwa jengo la kawaida lisilo kwenye ukanda wa matetemeko, lenye kuta za zege zinazochukua upepo na fremu zenye mwelekeo unaojulikana, ningechagua mraba au mstatili wenye ringi bila kusita. Tuzo ya 20% ya ACI 318 haitoshi kulipia chuma mara tano na fomu za pekee, isipokuwa kwa nguzo za chini za jengo refu ambako kila sentimita ya upana ina thamani. Kwa nguzo za daraja, kwa nguzo za ukumbi zinazosimama peke yake, na kwa fremu yoyote inayotakiwa kuyumba katika tetemeko kali, ningechagua duara na spirali, na ningetetea uamuzi huo hata mbele ya msanifu majengo asiyelipenda duara.

Msanifu huyo akishikilia mraba, iko njia ya tatu inayosahaulika: spirali ndani ya nguzo ya mraba. ACI 318 inaruhusu nguzo ya namna hiyo ihesabiwe kama duara lenye kipenyo sawa na upande wake mfupi. Mraba wetu wa mm 400 utahesabiwa kama duara la mm 400, na kwa nondo zile zile nane uwezo wake wa wima utakuwa kN 2,680, karibu sawa kabisa na kN 2,640 za ringi. Spirali ya mm 10 kila mm 50 inatosha. Zege la pembe halihesabiwi na litakuwa la kwanza kudondoka, kwa hiyo uwezo wa momenti nao uhesabiwe kwa duara, si kwa mraba unaoonekana. Anayesanifu aandike hivyo wazi kwenye mchoro, ili atakayekuja kukagua au kuongeza ghorofa baadaye asizihesabu pembe hizo kuwa sehemu ya nguzo.